Nimemaliza Dune Messiah: Paul Atreides alishinda, na baada ya hapo?

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Najua wengi humu tumeingia kwenye ulimwengu wa Dune, hadithi ya sayari ya jangwa ya zama zijazo, kupitia filamu mbili za Denis Villeneuve, ya 2021 na ya 2024, na baadhi yetu tukarudi kusoma kitabu chenyewe cha Frank Herbert, cha mwaka 1965. Leo nataka tuzungumzie kitabu cha pili, Dune Messiah, kilichotoka 1969. Nimekimaliza juzi na bado hakijaniachia. Ambaye hajakisoma na hapendi kuharibiwa utamu aishie hapa, maana naanika kila kitu mpaka mwisho.

Tukumbushane kidogo. Kitabu cha kwanza kinaisha Paul akiwa ameshinda. Baba yake ameuawa, yeye na mama yake wamekimbilia jangwani, Wafremen, wenyeji wa jangwa hilo, wamewapokea na kumwona Paul ndiye Mahdi waliyekuwa wakimsubiri. Anawaongoza, anamng'oa Mfalme Shaddam, na anafunga ndoa na binti yake, Irulan, ili kiti kiwe halali, huku moyo wake uko kwa Chani, mpenzi wake wa Kifremen. Ukifunga kitabu unahisi umeshiba. Lakini ndani ya kurasa zile zile Paul anaiona jihadi itakayopiganwa kwa jina lake, anaiogopa, na hadi mwisho hajapata njia ya kuizuia. Msomaji anapita hapo mbiombio kwa sababu anataka kuona akina Harkonnen, familia iliyomuua baba yake, wakilipa.

Kitabu cha pili kinaanza miaka 12 baadaye, na jihadi imeshapiganwa. Hatuonyeshwi hata uwanja mmoja wa vita. Tunapewa hesabu tu. Paul anakaa na Stilgar, yule kiongozi wa jangwani aliyempokea, anamtajia Genghis Khan na Hitler wa Dunia ya kale, na idadi ya watu waliouawa zama zao. Stilgar anasikiliza na kuona hizo takwimu si za kutisha. Basi Paul anamsomea zake mwenyewe: kwa makadirio ya chini, watu bilioni 61. Sayari 90 hazina tena kiumbe hai. Nyingine 500 zimevunjwa moyo kabisa. Wafuasi wa dini 40 wamefutwa. Korba, mmoja wa wakubwa wa dini hiyo mpya, anadakia kwamba wote hao walikuwa makafiri. Paul anamkatalia. Walikuwa waumini.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mkumbukeni Stilgar wa kitabu cha kwanza. Ni mtu wa jamii ambayo akifa mmoja wao, maji ya mwili wake yanakamuliwa, yanapimwa na kutunzwa kwa ajili ya kabila, hata tone lisipotee. Alijua uzito wa maiti moja kwa kipimo cha maji. Sasa mtu yule yule anasikia mamilioni na hashtuki. Kwangu mimi hicho kikao kifupi kinaeleza vita kuliko sura kumi za mapigano.

Kuna sehemu nyingine ndogo ambayo watu hawaitaji sana. Farok, mpiganaji mstaafu wa Kifremen, anaongea na mgeni nyumbani kwake. Anasema alikwenda jihadini kwa sababu alisikia kuna kitu kinaitwa bahari na hakuamini kwamba maji yanaweza kuwa mengi kiasi hicho. Akafika sayari ya mbali, akaiona, akaingia ndani yake. Alipotoka humo, jihadi ilikuwa imemtoka moyoni. Wakati anasimulia hayo, mwanawe yupo pale pale anapiga ala ya nyuzi, kijana aliyerudi vitani bila macho. Mimi nimekulia Tanga, bahari naiona tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kwenda kuua watu wa mbali ili aione. Nimemwelewa Farok na nimemwogopa kwa wakati mmoja.

Hoja yangu ni hii: Dune Messiah ndiyo nusu ya pili ya hadithi moja, na bila hiyo kitabu cha kwanza kinasema kinyume cha alichokusudia mwandishi. Herbert mwenyewe alieleza kwamba vipande vya kitabu hiki na cha tatu aliviandika kabla hajamaliza cha kwanza. Na alisema waziwazi, mara nyingi, kwamba alitaka kuonya watu kuhusu viongozi wenye mvuto ambao umma unawakabidhi akili zake. Lakini watu walimpenda Paul. John W. Campbell, mhariri wa jarida la Analog, ambaye ndiye aliyechapisha Dune kwa vipande, alikikataa hiki cha pili kwa sababu alitaka shujaa abaki shujaa. Kikaishia kwenye jarida la Galaxy mwaka 1969 kabla ya kutoka kama kitabu kamili.

Karibuni. Wanaokipenda na wasiokipenda.

#2

Mtoa mada umeandika vizuri, ila mimi nipo upande wa pili. Kitabu hiki kilinichosha. Cha kwanza kina minyoo mikubwa ya mchangani, kina mapigano ya visu, kina jangwa lenyewe ambalo unalihisi kwenye koo. Hiki cha pili ni vikao. Watu wamekaa chumbani wanapimana maneno, wakimaliza wanahamia chumba kingine. Ni chembamba, hakifiki hata nusu ya kile cha kwanza, lakini nilikisoma kwa muda mrefu zaidi.

Halafu ile njama. Wanne wamekutana kupanga kumwangusha Paul: yule bibi mkuu wa Bene Gesserit (udugu wa wanawake wanaoendesha siasa kwa siri), Irulan, Edric wa Chama cha Usafiri wa Anga, na Scytale anayebadili sura. Paul anaona yajayo. Mtu anayeona yajayo unamfanyia njama gani? Presha inatoka wapi?

#3 Mtoa mada

Mkuu #2, kuhusu vikao nakubaliana nawe nusu. Robo ya kwanza ni nzito, na mazungumzo ya Edric hasa yanazunguka sana. Lakini kuhusu njama, mwandishi amelijibu swali lako mapema kabisa. Unadhani Edric wamemwingiza wa nini? Yeye ni nahodha wa Chama, anaishi ndani ya tangi lenye gesi ya melange, kile kiungo cha jangwani kinachompa mtu uwezo wa kuona yajayo, na yeye pia anaona yajayo kwa kiasi chake. Mwenye kuona yajayo anaficha wenzake walio karibu naye wasionekane na mwonaji mwingine. Paul anajua kuna kitu kinapikwa. Anajua wahusika. Haoni mikono yao inafanya nini.

Na silaha yao wanamletea mchana kweupe, kama zawadi. Duncan Idaho, mlinzi na rafiki aliyekufa akimtetea katika kitabu cha kwanza, anarudishwa. Watleilaxu, watu wa Scytale walio mafundi wa kuunda miili, wamechukua mwili wake wakaufufua, wakauwekea macho ya chuma, wakauita Hayt. Paul anamuuliza ameletwa kwa kazi gani, naye anamjibu bila kuficha kwamba ametumwa kumwangamiza. Na bado Paul anabaki naye! Hapo ndipo presha ilipo kwangu. Huyu ni mfalme wa sayari zisizohesabika, ana jeshi, ana maono, na hawezi kuufukuza uso wa rafiki yake.

Kuhusu maono kuua hadithi, subiri mpaka mwisho. Lile bomu linalochoma macho linamkuta, anabaki na mashimo usoni, lakini anaendelea kutembea na kuwatajia walinzi wake vitu vilivyo mbele yao, kwa sababu kila hatua ameshaiona kabla. Watu wanatetemeka. Wanadhani ni muujiza. Kwake ni kifungo, maana ili aendelee kuona ni lazima afanye kila kitu sawasawa na alivyokiona, neno kwa neno, mpaka kifo cha Chani. Kisha Chani anajifungua na kufa, na wanazaliwa pacha. Paul alikuwa ameona mtoto mmoja tu, wa kike. Hapo maono yanakatika, na kwa mara ya kwanza anakuwa kipofu kweli.

Dakika hiyo hiyo Scytale ameshika kisu juu ya wale watoto na anampa Paul biashara: toa mamlaka yako, tutakurudishia Chani kama tulivyomrudisha Duncan. Wameshamthibitishia kwamba inawezekana, maana kumbukumbu za Duncan zimeamka. Na Paul, ambaye haoni kitu, ghafla anaona chumba kutoka kwenye kitanda cha watoto. Anaona kupitia macho ya mwanawe mchanga. Anarusha kisu kwa kufuata macho hayo na Scytale anaanguka. Wakuu, ukurasa ule niliusoma nimesimama.

#4

Mmewataja akina Stilgar na Duncan vizuri sana. Sasa tumzungumze Chani, maana naona anapitwa kama kitabu chenyewe kinavyompita.

Irulan anamwekea Chani dawa ya kuzuia mimba kwenye chakula kwa miaka. Sawa, hiyo ni njama ya ikulu, tunaielewa. Lakini Paul anajua! Anajua na ananyamaza, na kimoyomoyo anashukuru, kwa sababu ameona kwamba siku Chani atakapojifungua ndiyo siku atakayokufa. Kila siku asiyoshika mimba ni siku aliyoongezewa. Ukilisoma hili kwa upande wa Paul, ni mapenzi makubwa. Lisome kwa upande wa Chani. Ni mwanamke anayelilia mtoto miaka nenda rudi, anajilaumu, anahangaika na vyakula vya asili vya Wafremen ili ashike mimba, na mume anayelala naye kitanda kimoja anajua sababu na hasemi. Hakupewa nafasi ya kuchagua. Pengine angesema heri nife na watoto wawe hai. Pengine angesema hapana. Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza, Paul wala Herbert.

Na huyu alikuwa mpiganaji wa jangwani! Katika kitabu cha kwanza anamuua mtu aliyekuja kumchokoza Paul, ili Paul asisumbuliwe. Katika cha pili kazi yake ni kubeba mimba na kufa.

Irulan ametendewa haki kidogo zaidi. Anaanza kama adui na mwisho anabaki kulea watoto wa mwanamume ambaye hakumgusa maisha yake yote, na anakiri kwamba alimpenda. Hapo nilimhurumia. Lakini kwa Chani nimekasirika na bado nina hasira.

#5

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kusoma uzi huu kumenifanya nifikirie kitu. Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjekitile. Mmoja yuko Marekani anaandika kuhusu sayari ya mchanga, mwingine yuko Tanzania anaandika kuhusu Vita vya Majimaji, na wote wawili wameshika jambo lile lile: mtu anatoa neno, neno linawaunganisha watu, kisha linakua kumshinda aliyelitoa.

Wanaoikumbuka tamthilia watakumbuka kwamba Kinjekitile anataka watu wasubiri, wajiandae, lakini watu wameshapata maji ya kuwakinga na risasi na hawasubiri tena. Kinjekitile mwenyewe wa historia, wa Ngarambe, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, navyo vikaendelea hadi 1907. Aliyelitoa neno hayupo, neno linapigana.

Paul naye anasema katika kitabu hicho kwamba hata akifa jihadi itaendelea. Sikuwahi kusoma riwaya ya mambo ya anga ikanipeleka Matumbi.

#6 Mtoa mada

#4, huna wa kukupinga hapa. Mimi nilisema vita vimewekwa nje ya jukwaa na nikasifu ujasiri huo. Maumivu ya Chani nayo yamewekwa nje ya jukwaa, na hapo siwezi kusifu. Kitabu kinamlilia Paul aliyefiwa. Aliyekufa hapewi kurasa zake. Kama kuna kitu ningemwomba Herbert aongeze, ni sura moja ya Chani peke yake, usiku, akiwa ameshagundua kwamba chakula chake kilikuwa na dawa.

Mwalimu #5, mfano wako nimeukaa nao tangu asubuhi. Unaingia, lakini kuna tofauti moja ambayo naona haifai kufichwa. Kinjekitile ni mtu wa pale pale. Watu wanalazimishwa kulima pamba, wanachapwa viboko, na neno lake linatoka katika maumivu wanayoyajua wote, naye akiwemo. Paul amekuja kutoka nje, mtoto wa mtawala. Na ile imani ya Mahdi aliyoikuta kwa Wafremen haikuota yenyewe. Bene Gesserit walikuwa wameipanda miaka mingi kabla, makusudi, ili siku mtu wao akikwama huko apate pa kushikia. Paul na mama yake walijua hivyo na wakaitumia. Kwa hiyo mimi nikimtafuta Paul katika historia yetu, simwoni Ngarambe. Namwona katika wale waliofika na kutumia imani za watu kama ngazi.

Na angalia Wafremen wamepata nini. Katika kitabu cha pili wana maji, wana nyumba Arrakeen, mji mkuu, wana vyeo vya ukasisi. Wazee wao wanalalamika kwamba vijana hawajui tena kuishi jangwani. Korba, mtu aliyekuwa askari, sasa anafundisha utenzi wa sifa na anakula njama. Waliokufa kwenye sayari za watu wamekufa kwa ajili ya kiti cha familia ya Atreides.

Kuhusu mwisho wa tamthilia, pale Kinjekitile anapokataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa wajukuu wataambiwa babu zao walikosea kupigana: hilo nalo litazame upande wa Paul. Yeye anajua dini yake ni jengo la uongo na hana mtu wa kumwambia. Akisema, waumini watalichukua hilo nalo kuwa aya.

#7

Swali la mtu mgeni. Nimeona filamu zote mbili, kitabu cha kwanza sijasoma. Naweza kwenda moja kwa moja cha pili? Villeneuve ameshasema ya tatu inatokana na hiki.

#8

Usifanye hivyo kiongozi. Filamu ya 2024 imebadilisha mambo makubwa. Mwishoni Chani anamkasirikia Paul na kuondoka zake juu ya mnyoo. Kitabuni haondoki, anabaki kama mke wa moyoni asiye na ndoa, na kitabu cha pili kinaanza wakiwa pamoja miaka 12. Halafu Alia, dada yake Paul. Kwenye filamu bado yuko tumboni. Kitabuni ameshazaliwa na ndiye anayemuua Baron, mkuu wa akina Harkonnen, akiwa mtoto mdogo kabisa. Katika cha pili ni msichana wa miaka 15 au 16, anaabudiwa hekaluni, na ana kumbukumbu za mabibi zake wote kichwani. Ukiingia bila kujua hayo utadhani umekosa kurasa.

Anza na cha kwanza. Kurasa mia za mwanzo zina majina mengi, vumilia.

#9

Nimechelewa kufika. Kuna jambo moja nataka kulisema kuhusu mwisho, na mtanisamehe. Paul alikimbia. Sheria ya Wafremen inasema kipofu huachwa jangwani, naye anaondoka peke yake kwenda mchangani, watu wanalia, wanasema ametii sheria kama mtu wa kawaida. Mimi nasoma mtu aliyechoma ulimwengu, akaacha watoto wa siku moja, akamwachia dada yake asiye na umri wa kutawala dola iliyojaa damu, akaenda zake. Angebaki akaivunja ile dini kwa mikono yake.

#10 Mtoa mada

#9, karibu, hujachelewa. Nakubali alikimbia majukumu ya baba. Sikubali kwamba alikuwa na uwezo wa kuivunja dini, kwa sababu niliyomwambia Mwalimu hapo juu: kila alichosema kiligeuka aya.

Ila nataka kukuongezea ubaya mmoja zaidi katika hoja yako, kwa sababu naona kitabu kinauficha ndani ya huzuni. Kule kwenda jangwani hakukuwa kutoka kwenye siasa. Wafremen walikuwa wameanza kumchoka, wengine wameshaingia kwenye njama, na mfalme kipofu anayeng'ang'ania kiti angekuwa amevunja sheria yao kuu. Alipoitii, aliwafunga. Baada ya siku ile hakuna Mfremen aliyeweza tena kuinua mkono dhidi ya watoto wake. Chama kimeaibika, Bene Gesserit wameaibika, Edric na yule bibi mkuu wameuawa kwa amri ya Alia, na jina la Atreides limekaa juu kuliko lilivyokaa wakati Paul anatawala. Duncan analiona hili na anamwambia Alia. Yaani tendo la Paul lililo safi kuliko yote ndilo lililoisimika dini ambayo alikuwa anaichukia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kitabu hiki kinamsamehe. Kinamwonea huruma, kisha kinaonyesha hata kuondoka kwake kunazidisha deni, na deni hilo wanarithi wale pacha, Leto na Ghanima. Children of Dune ya mwaka 1976 inaanzia hapo. Nimeshaipata, naianza usiku wa leo. #4 na #9, kama mnayo, tusome pamoja, nitafungua uzi mwingine nikifika katikati.